Usukani Nilioupandisha kwa Sababu ya Shati

Niseme mapema, kabla jirani yangu hajanisemea: mimi ni fundi cherehani, na niliupandisha usukani wa pikipiki kwa sababu shati nililojishonea mwenyewe lilikuwa linanibana mgongoni.

Mtu mwenye akili zake angefumua shati. Mtu mwenye akili zake, tena mwenye cherehani mbili kibarazani, angelifumua huku anasikiliza redio, na kabla taarifa ya habari haijaisha angekuwa ameshalivaa. Mie nilishika spana.

Lilikuwa shati la kitenge, sare ya kamati ya harusi ya mpwa wangu, binti wa dada yangu. Sare za kamati nzima nilizishona mimi. Wajumbe wote niliwapima kwa tepu, mabega, kifua, kiuno, nikawaambia wapumue kawaida wasijikaze. Mimi nilijipima kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu yangu juu ya mwili wangu ni ya kipindi kile nilichokuwa bado naenda kununua vitambaa kwa miguu. Siku hizi nina pikipiki, na tangu niwe nayo nguvu zote nisizotumia zimehamia tumboni na mgongoni, zimetulia huko kama wapangaji wasiodaiwa.

Nikisimama wima shati lilikaa vizuri kabisa. Tatizo lilikuja nilipopanda pikipiki nikanyoosha mikono kushika usukani. Mgongo ulikaza, kwapa zikavutwa, na mshono wa katikati ukatoa mlio mdogo ambao kila fundi anaujua na kila fundi anajifanya hajausikia.

Utauliza, shati la harusi na pikipiki vinahusiana vipi. Hapo ndipo inabidi niwaeleze kuhusu kamati.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu iko kibarazani, chakula changu kiko jikoni, kitanda kiko chumbani, na kati ya vitu hivyo hakuna hata sehemu moja ya kupanda gari. Mtaa wetu huku Yombo wananifahamu kama fundi mapazia, lakini wengi wananifahamu kuanzia kifuani kwenda juu, maana wananionaga nimekaa nyuma ya cherehani. Kwa hiyo vikao vya kamati vilipoanza, kila Jumapili baada ya ibada, kwenye bustani moja ya vinywaji kule Tandika, nilimtuma mke wangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Vikao anaviweza, na watu wanaobishana wote kwa pamoja ndiyo riziki yake ya kila siku.

Nilichosahau ni utaratibu wa kamati zetu: asiyehudhuria hupangiwa kazi na waliohudhuria. Jumapili moja mwalimu wangu alirudi akicheka kabla hata hajavua viatu.

"Fundi, umepewa kazi."

"Kazi gani tena? Sare si ndo hizo nashona?"

"Utambeba mpiga video."

Harusi zetu zina msafara. Mkitoka kanisani kwenda ukumbini hamwendi kimyakimya kama mnaodaiwa. Kuna pikapu imebeba matarumbeta na ngoma, nyuma yake gari ya maharusi yenye mapambo, nyuma yake ndugu na marafiki wamewasha taa zote wanapiga honi. Na mbele ya wote kuna pikipiki. Dereva anatazama mbele kama binadamu wa kawaida, lakini mpiga video amekaa kinyumenyume, mgongo wake umegusana na mgongo wa dereva, kamera inatazama msafara unaokuja. Kazi ya dereva ni moja tu, kwenda polepole, bila kushtuka, bila kuzima, bila kuruka matuta.

Kwa kawaida hukodishwa bodaboda. Lakini harusi iliyopita ya ukoo wetu, kijana wa bodaboda alipandwa na mzuka wa matarumbeta, akavuta resi, na kwenye video bibi harusi anaonekana kwa mbali kama punje ya wali iliyodondokea kwenye meza. Sehemu iliyobaki ya video ni watu wanakula.

"Aliyekutaja ni bibi harusi mwenyewe," mke wangu aliniambia. "Kasema, 'Namtaka Anko. Anko hajawahi kwenda kasi tangu nimfahamu.'"

"Hapo nimesifiwa au nimetukanwa?"

"Vyote."

Ningekataa, na sababu ya kukataa ningeipata tu, mie sababu za kubaki nyumbani huwa sikosi. Ila jioni ile mama yangu alipiga simu kutoka Makete. Yule bibi harusi alikulia kwake. Dada yangu alipokuja kutafuta maisha Dar alimwacha huko angali mchanga, akabebwa mgongoni kwa mama yangu, akalala kwa mama yangu, mpaka alipofika umri wa kuanza shule ndipo akaletwa mjini. Sasa miguu ya mama imekataa. Kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha uani kwake ni safari, sembuse basi la kuja Dar. Kwa hiyo harusi ya mtoto aliyemlea angeiona kwenye simu ya mjukuu anayekaa naye, basi.

"Nasikia wewe ndiye utabeba mtu wa picha," alisema.

"Ndiyo wanavyosema, mama."

"Sasa nisikilize. Ile harusi nyingine mlinionyesha watu wanakula. Watu wanaokula nimewaona maisha yangu yote. Mimi nataka kumwona mtoto anatoka mlango wa kanisa, anaingia gari, na gari linakwenda. Linakwenda mpaka linafika. Usinikatie katikati."

"Sawa, mama."

"Usiseme sawa ya kunikimbia."

"Sikukimbii, mama. Nitaenda polepole."

Ndiyo maana lile shati halikuwa jambo dogo. Lazima nilivae, kwa sababu kamati nzima itakuwa ndani ya kitenge kile. Lazima niendeshe nimelivaa. Na lazima niendeshe nimetulia, mtu ananiegemea mgongoni na kamera, nami nisijipindepinde kutafuta mkao. Shati likipasuka nitashtuka, nikishtuka pikipiki itashtuka, pikipiki ikishtuka mama yangu ataona anga la Temeke badala ya mjukuu wake.

Alhamisi mchana, harusi ikiwa Jumamosi, nikawaza hivi: kama tatizo ni mikono kunyooka kwenda mbele na chini, basi dawa ni kuuleta usukani juu na karibu. Nikaona nimegundua kitu. Nikaenda duka la spea, nikanunua vile vipande viwili vya chuma vya kuinulia usukani, vizito, kila kimoja kama mche mdogo wa sabuni. Unafungua nati zinazoshika usukani, unachomeka vipande chini yake, unafunga tena. Nilifanya kazi ile kwenye kivuli cha nyumba yangu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na sitawaficha kwamba niliimba. Nilipomaliza nikavaa shati, nikapanda. Mikono ilikuja kifuani kiulaini, mgongo ukanyooka, mshono ukanyamaza. Nikajiona kama waziri.

Jirani yangu alinitazama kupitia uwazi wa uzio. Huyu ni mama mmoja wa Rufiji anayekaanga samaki mbele ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwangu, na hana neno analolizungusha mdomoni kabla ya kulitoa.

"Fundi, umekaa kama unakunywa uji," alisema.

Niliingia ndani nikavua shati, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Ijumaa asubuhi, mke wangu akiwa shuleni, niliitoa pikipiki kufanya mazoezi ya kwenda polepole. Kunyooka barabarani haikuwa mbaya sana, ingawa niliona kama haina nguvu, injini inavuma kuliko inavyosogea. Nilipofika kwenye kona ya kwanza nikakata kulia. Hapo injini ikapiga kelele peke yake, uuuu, kama mtu aliyekanyagwa, na pikipiki ikakataa kwenda. Nilikuwa kwenye gia, nimeachia mkono wa klachi, nimevuta resi, na bado tunarudi nyuma kidogokidogo na mteremko. Nikanyoosha usukani, ikashika kwa ghafla, ikaniruka mbele mpaka nikakumbatia tangi. Nikajaribu tena kona nyingine, hivyohivyo. Mtu mwenye kamera angekuwa ameshalala chini.

Kwa asiyeendesha pikipiki: mkono wa kushoto ndiyo klachi. Ukiubana, waya unavuta, na injini inaachana na tairi. Ukiuachia, vinashikana, mnaondoka. Mimi nilikuwa nimeuachia na bado vinaachana. Nikahitimisha kwamba sahani za klachi zimeungua, maana hicho ndicho wanachosemaga vijana wa kijiweni kila pikipiki inapopoteza nguvu. Kesho ni harusi. Kufungua injini, kutoa sahani, kutafuta nyingine, kumsubiri fundi ambaye Ijumaa ndo yuko bize. Nilirudi nyumbani naisukuma kwa miguu, na niwaambie, jua la Yombo halina huruma na mtu aliyezoea kivuli.

"Imekufa?" jirani aliuliza, huku anageuza samaki.

"Inaumwa."

"Maana nimeisikia toka huko ilipo. Inalia kama imefiwa."

Niliiegesha palepale mlangoni, nikakalia kigoda mbele yake, nikaitazama. Nilifikiria namna ya kumwambia mama. Nilitunga sentensi kadhaa, zote zilianza na "mama, unajua", na mama yangu huwa hasubiri sentensi inayoanza hivyo ifike mwisho. Nilifikiria pia kwamba bodaboda wako wengi, wanapatikana hata asubuhi ya siku hiyohiyo. Halafu nikakumbuka ile punje ya wali.

Mke wangu alirudi mchana na mkoba wa madaftari. Pikipiki ilikuwa imeziba mlango.

"Fundi, na mie niingilie wapi, dirishani?"

"Isogeze tu kidogo. Mie sina hata nguvu."

Akashika usukani, akaukunja kulia ili apate upenyo. Halafu akasimama. Akaunyoosha, akaukunja tena.

"Hiki kidude huku chini kinachezea chenyewe," alisema.

"Kidude gani?"

"Hiki, ubavuni mwa injini. Nikikunja huku kinanyanyuka. Nikirudisha kinashuka. Ndo kinavyokuwaga?"

Nikapiga magoti. Kile kidude ni kimkono cha chuma ambapo waya wa klachi unaishia. Kazi yake ni kunyanyuka pale tu dereva anapobana klachi. Na hapa hakuna aliyebana kitu. Mwalimu wangu amekunja usukani tu, na chenyewe kinanyanyuka kwa heshima kama mwanafunzi mkaguzi anapoingia darasani.

Nikafuata waya kwa macho, kutoka kwenye injini kwenda juu mpaka kwenye usukani, na nikaona aibu yangu yote imenyooka mbele yangu. Waya ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Usukani umepanda juu, lakini waya ni uleule, na urefu ni uleule. Ukiwa umenyooka, waya unavuta klachi kidogo. Ukikata kona, unaivuta kabisa. Ni kama nilikuwa naendesha kuna mtu asiyeonekana amenibania klachi njia nzima. Sahani za watu hazikuwa na kosa lolote.

Na mimi ni fundi nguo. Kama kuna kitu ninachokijua duniani ni kwamba ukiinua bega, mkono wa nguo unapanda, na usipoongeza kitambaa kwapani mteja hawezi kunyoosha kidole. Nimewafundisha wasichana wengi kazi hiyo. Nimewagombeza kwa hiyo.

"Sasa ulipandisha usukani wa nini?" mke wangu aliuliza.

Nilikohoa.

"Wa nini?"

"Shati lilikuwa linabana."

Aliuweka mkoba chini. Alikaa kwenye ngazi. Alicheka mpaka akavua miwani, na jirani akaacha karai lake akasogea kwenye uzio akiuliza kuna nini, akaambiwa, akasema, "Kwa hiyo alitaka kupasua injini kwa ajili ya shati," na wakaanza upya wote wawili. Niliwaacha wacheke. Mimi nilikwenda kutafuta spana, na ukweli ni kwamba nilikuwa natabasamu, maana pikipiki ilikuwa hai.

Alipotulia alikuja kunisaidia, bado na nguo zake za shule, akajifunga kanga juu yake ili grisi isimchafue. Kazi yake ilikuwa kushika usukani na kuukunja nitakapomwambia. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi.

"Kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Si tunatazama upande mmoja?"

"Wewe umelala chali, fundi. Sijui unatazama wapi."

Kwenye mkono wa klachi kuna kijiti chenye mikunjo ya skrubu na kijinati cha duara chenye meno. Waya unapita katikati yake. Ukikizungusha kuingia ndani, waya unalegea. Nilikizungusha mpaka kikaishia. Usukani ukiwa umenyooka, sasa mkono wa klachi ulicheza kidogo kabla ya kuanza kuvuta, kama inavyotakiwa. Nikafurahi.

"Kulia."

Akakunja. Kidude kikanyanyuka.

"Kimesimama tena," alisema. "Mwambie akae."

Nikaenda upande wa injini, ambako waya unashikwa na nati mbili kwenye kibati. Nikazilegeza, nikausogeza waya upande wa kuulegeza, nikakaza. Hapo nilipata nafasi zaidi. Tukajaribu tena. Kushoto, safi. Kulia, kidude kikajitikisa, kidogo tu, lakini kikajitikisa.

"Kanunue waya mrefu," jirani alishauri kutoka kwenye uzio. Alikuwa ameamua samaki waungue.

Nilishaanza kunyanyuka niende. Mke wangu akasema, "Ngoja. Hapa juu umeufunga na nini?"

Ulikuwa mkanda wa pazia. Zamani kidogo waya ule ulikuwa unapigapiga kwenye taa barabarani, kelele zake zikanikera, nikaufunga kwa kipande cha mkanda wa pazia, upande wa nje wa taa, fundo zuri kabisa la kifundi. Kwa hiyo waya ulikuwa unazunguka taa kwa nje ndipo ushuke chini, safari ndefu ya bure. Nikaleta mkasi, nikakata. Nikauchomoa waya, nikaupitisha ndani, nyuma ya taa, karibu na shingo ya usukani, ukashuka chini ya tangi bila kujikunja vibaya popote. Ghafla tukawa na waya wa kumwaga. Mkono wa klachi ulining'inia tu kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa.

"Sasa umelegea mno," mke wangu alisema.

"Huo ugonjwa nautaka."

Nikarudi kwenye kile kijiti, nikaanza kukitoa nje taratibu, zungusha, jaribu, zungusha, jaribu, mpaka mkono wa klachi ukawa unacheza kiasi cha unene wa kifungo cha koti kabla haujaanza kuvuta. Nilikipima kwa kifungo hasa, nilikitoa kwenye kopo langu la vifungo. Nikakaza kijinati chenye meno. Tukakunja kulia mpaka mwisho: kifungo bado kinaingia. Kushoto mpaka mwisho: kinaingia. Kidude kule chini kimekaa, hakina habari na sisi. Nikawasha injini, mwalimu akakunja huku na huku, na sauti haikubadilika. Nikaangalia na waya wa resi na wa breki, nazo zilikuwa na nafasi ya kutosha.

Nilimwomba apande nyuma tujaribu. Akakaa kinyumenyume, kwa utani, mgongo wake kwenye mgongo wangu, kanga kiunoni, akashika simu yake mbele ya uso kama kamera. Tukazunguka mtaa kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Kwenye ile kona iliyoniaibisha asubuhi nikakata kulia, na pikipiki ikapinda kama haijawahi kuwa na ugomvi na mtu. Nilimsikia mgongoni kwangu anacheka bila sauti. Kucheka kwa namna hiyo huwezi kukusikia kwa masikio, unakusikia kwenye uti wa mgongo. Tulizunguka mara nyingine ambayo haikuwa na sababu yoyote.

Jioni nikalifumua shati. Chai niliyomiminiwa nilipoanza kazi ilikuwa bado ya moto nilipomaliza. Usukani niliuacha hukohuko juu, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umeshaupenda, na pia kwa sababu sikutaka kuonekana na spana tena.

Jumamosi mpiga video alinikuta nje ya kanisa. Alikuwa kijana mrefu, akaniangalia mimi, akaangalia usukani, akasema, "Mzee, hii kitu umeipandisha wewe?" Nikamwambia apande. Akakaa kinyumenyume, nikausikia mgongo wake mgumu umeegemea wangu, na kila alipoinua kamera mabega yake yaliniambia.

Mlango wa kanisa ulifunguka. Matarumbeta yakalipuka.

Sikumwona bibi harusi akitoka. Hilo sikuwa nimelifikiria. Dereva wa video ndiye mtu pekee kwenye msafara mzima anayeupa msafara mgongo. Nilichokuwa nacho ni kioo cha pembeni, ukubwa wa sahani ya kikombe, na ndani yake nikaona kitu cheupe kinashuka ngazi, kinapotea nyuma ya mtu mwenye tarumbeta, kinatokea tena, kinaingia garini.

"Twende, mzee. Polepole. Polepole zaidi. Hapohapo."

Tulitoka Yombo kuelekea Chang'ombe kwa mwendo ambao kuku walitupita. Gia namba moja, mkono wa kushoto unabana, unaachia nusu, unabana. Kiganja kilianza kuwaka moto kabla hatujafika mbali. Kwenye matuta nilipanda kama nimebeba mayai, na kila tuta tulilolimaliza mpiga video alisema "safi" bila kugeuka. Bajaji moja ilitaka kutuchomekea, jamaa wa pikapu wakaipigia tarumbeta usoni, ikaghairi.

Kona kubwa ilikuwa Tandika, kulia, na hapo magari yalikuwa yamejazana, kwa hiyo ilibidi nipinde usukani mpaka mwisho, mwendo wa konokono, tena kwa kimlima. Nilikuwa nimeiota kona ile. Nikaachia klachi kidogokidogo. Ikashika. Injini haikupiga kelele, pikipiki haikuruka. Ilipinda polepole na msafara ukapinda nyuma yetu.

Hapo ndipo niliposikia mpiga video anasema, kwa sauti ya chini, "Shika hapohapo, mzee, usiongeze." Nikatazama kioo. Bibi harusi alikuwa amefungua dirisha la gari, ametoa kichwa na bega zima nje, shela linapepea, anapunga mkono kwenye kamera na anapiga kelele kushinda matarumbeta.

"Bibiii! Bibi, unaniona? Bibi!"

Sijui nilishikiliaje pikipiki ile. Macho yalinijaa, na kioo chenyewe ni kidogo, na mkono wa kushoto sikuusikia tena. Niliendelea tu kubana na kuachia.

Mpiga video alitutumia kipande cha msafara mwanzoni mwa wiki, na mpwa wangu akakirusha Makete. Mama alipiga simu nikiwa kibarazani napinda pazia la mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeona."

"Umeonaje?"

"Nimeona mlango wa kanisa. Nimeona gari. Nimeona yule baba wa tarumbeta mashavu yamemjaa, mpe pole. Halafu mtoto akatoa kichwa dirishani, akaniita."

"Ndiyo, mama."

Nilisikia jogoo wa huko, na mtu anapasua kuni.

"Nikamwitikia," alisema. "Najua hanisikii. Lakini alikuwa ananiita, ningenyamazaje? Tumerudia mpaka simu imezima. Sasa hivi ndo imeshachajiwa, tunaanza tena. Kwaheri."

Nilikaa na lile pazia mapajani, sindano imesimama katikati ya pindo. Mke wangu alikuwa uzioni anamwonyesha jirani video ileile kwenye simu yake. Jirani alikuwa amejifuta mafuta kwenye kanga ili asiguse kioo, ameiinamia simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa kimya. Aliangalia kutoka kanisani mpaka ukumbini. Kichwa cha bibi harusi kilipotoka dirishani alisema "masikini", akavuta pua. Nami nikajiandaa kupokea sifa zangu, hata cherehani niliisogeza kando.

Video ilipoisha alimrudishia mke wangu simu, akanigeukia.

"Mie nimeangalia toka mwanzo mpaka mwisho, na wewe humo hata kisigino chako sijakiona," alisema. "Kama ndo hivyo si ungelala tu."